Mwongozo Kamili: Kutengeneza Sehemu ya Pili ya Filamu ya Vichekesho ya Familia

Kuna swali ambalo wasomaji wananirudia nalo kila mara, kwa sura tofauti tofauti. "Ya kwanza watu walicheka mpaka machozi. Ya pili nimetumia pesa nyingi zaidi, kamera bora zaidi, waigizaji ni walewale. Mbona ukumbi umepoa?"

Huwa naomba skripti na ratiba ya upigaji. Mara nyingi ugonjwa unaonekana kabla sijafika ukurasa wa kumi: mambo yaliyopaswa kuamuliwa mezani yaliamuliwa kwenye seti, watu wote wakisubiri, na yule mtoto aliyeibeba filamu ya kwanza ameshaanza kuota ndevu.

Hatua zifuatazo zimepangwa kama kazi yenyewe inavyokwenda. Usiziruke. Hatua ya nne ndiyo inayovunja filamu nyingi kuliko zote, kwa hiyo nimekaa hapo kwa muda. Nyingine ni fupi kwa sababu hazina maneno mengi.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi kwanza

- Nakala ya mwisho ya filamu ya kwanza, pamoja na picha zote zilizokatwa wakati wa uhariri.
- Mikataba yote ya filamu ya kwanza, iliyotiwa saini. Rasimu hazihesabiki.
- Skripti iliyotumika kwenye seti, yenye maandishi ya mtunza mwendelezo (anayehakikisha vitu vinafanana kutoka shoti hadi shoti) pembeni.
- Picha za seti, mavazi na nywele, na kumbukumbu za kamera: lenzi zipi, urefu gani kutoka sakafuni, taa zipi.
- Tarehe ya kuzaliwa ya kila mwigizaji mtoto na urefu wake wa leo. Mpime ukutani, andika tarehe.
- Diski tatu zisizo na kitu.
- Familia tano au sita zisizokujua wala kukuonea haya, zenye watoto wa umri tofauti.
- Daftari moja la karatasi. Litatumika tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na mtu mmoja tu ndiye atakayelitunza.

Ukikosa kimoja kati ya hivi, kitafute kabla ya kuendelea. Kukitafuta katikati ya upigaji kunagharimu siku nzima.

## Hatua ya 1: Hakikisha hadithi ni yako

Soma mikataba ukiwa na maswali manne. Nani anamiliki wahusika? Je, mwandishi wa kwanza ana haki ya kuulizwa kwanza? Waigizaji wakuu waliahidi kurudi, na kwa malipo gani? Muziki ulilipiwa kwa filamu moja tu au kwa mfululizo?

Muziki ndio unaosahaulika zaidi. Wimbo una haki mbili: ya utunzi, na ya rekodi yenyewe. Unaweza kuwa na ya kwanza ukakosa ya pili. Kama ule mdundo wa ufunguzi ndio ulioifanya filamu itambulike tangu sekunde ya kwanza, hakikisha umeupata kabla mwandishi hajajenga sini (tukio moja la filamu) juu yake.

Halafu kuna sura ya mtu. Sehemu ya pili ya Back to the Future ilitoka mwaka 1989 bila mwigizaji Crispin Glover, aliyecheza baba katika ile ya 1985. Watayarishaji walimvalisha mwigizaji mwingine sura ya kubandika inayofanana na yake, wakachanganya na picha za filamu ya kwanza. Glover alikwenda mahakamani na kesi ikaisha kwa maelewano nje ya mahakama. Somo kwako ni la kimkataba: kuajiri mtu mwingine kwa nafasi ileile kunaruhusiwa, lakini kumtengeneza afanane na aliyekataa kurudi ni jambo jingine kabisa. Mwone mwanasheria kabla ya kumwona mtu wa meikapu.

Umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja wenye majina ya wote wanaohusika, na mbele ya kila jina neno moja: amesaini, anajadili, au hayupo. Skripti isianze kuandikwa huku steringi wako yuko kwenye "anajadili".

## Hatua ya 2: Itazame filamu ya kwanza ukiwaangalia watu

Waalike zile familia. Weka filamu. Wewe kaa pembeni mbele, uso ukiwatazama wao, na daftari mapajani.

Gawa ukurasa safu tatu: dakika, watoto, wakubwa. Kila wanapocheka, andika dakika na nani alicheka. Kila mtoto anapogeuka kumwuliza mama yake jambo, andika. Kila anapoomba kwenda chooni, andika pia, kwa kuwa mara nyingi hapo hadithi imelegea kuliko kibofu.

Usiwaulize baadaye walipenda nini. Watakutajia sini kubwa, yenye fujo na mlipuko wa keki, kwa sababu ndiyo inayosimulika. Lakini daftari lako linaweza kuonyesha kwamba walichekea zaidi babu akijifanya hajasikia. Watengenezaji wengi husikiliza mdomo wa mtazamaji, wakajaza sehemu ya pili keki tano zinazolipuka na kumnyima babu maneno.

Angalizo: usifanye hivi na jamaa zako wala watu wa kikosi. Hao huchekea kumbukumbu za siku ya kupiga picha.

Umefaulu unapoweza kutaja sehemu saba au nane ambapo watoto na wakubwa walicheka pamoja. Hizo ndizo mali uliyorithi. Nyingine ni mapambo.

## Hatua ya 3: Ipe familia tatizo jipya

Filamu ya kwanza ilifunga kidonda fulani. Baba aliyekuwa mkali amelainika. Ndugu waliokuwa hawapatani sasa wanapatana. Kosa la kwanza la waandishi ni kukifungua kidonda kilekile: tukianza sehemu ya pili, baba amekuwa mkali tena bila sababu. Mtazamaji anajisikia kama amepunjwa. Machozi aliyotoa mwisho wa ile ya kwanza yamefutwa.

Chukua suluhisho la filamu ya kwanza, liulize limezaa tatizo gani. Baba amelainika, vema. Sasa hawezi kumkatalia mtu yeyote na nyumba imejaa wageni. Ndugu wamepatana, vema. Sasa wanapatana kiasi cha kumtenga mdogo wao. Hapo tatizo limetoka ndani ya familia, na ni jipya.

Liandike kwa sentensi moja yenye "kwa sababu" ndani yake. Kama sentensi yako inasema "safari hii wanakwenda mbali zaidi na mambo ni makubwa zaidi", hiyo ni bajeti. Hadithi bado huna.

Chunguza pia sini ya mwisho ya filamu ya kwanza, kwa kuwa inaweza kukufunga mikono. Mwishoni mwa Back to the Future, rafiki wa kike wa kijana mkuu anapanda gari pamoja na kijana huyo na rafiki yake mwanasayansi. Ulikuwa utani wa kufungia tu. Ilipoamuliwa kutengeneza sehemu ya pili, waandishi walijikuta na mhusika wa ziada ndani ya gari ambaye hawakuwa na kazi naye, na ikawabidi wamlaze usingizi mapema. Juu ya hayo mwigizaji wake hakurudi, akachukuliwa mwingine, na sini nzima ikapigwa upya. Utani wa sekunde chache ulikuja kudai malipo miaka minne baadaye.

Usione aibu kufumua. Hadithi ya filamu ya katuni Toy Story 2 ilifumuliwa kwa sehemu kubwa na filamu ikatengenezwa upya kwa muda wa miezi tisa hivi kabla ya kutoka mwaka 1999. Wale walikuwa na jeshi la wachoraji, wewe huna. Kwa hiyo fumua sasa, ikiwa bado ni karatasi.

Umefaulu mtu ambaye hajaiona filamu ya kwanza anaposikia sentensi yako na kuuliza, "Halafu ikawaje?"

## Hatua ya 4: Hesabu saa ya mtoto

Hapa ndipo penye shughuli.

Mkubwa akikaa miaka miwili bila kuigiza, ni mtu yuleyule, labda kaongezeka kilo. Mtoto wa miaka tisa akikaa miaka miwili ni mtu mwingine. Amerefuka, meno yamebadilika, uso umekuwa mrefu, na ile sauti nyembamba iliyochekesha iko mbioni kuondoka. Ratiba yako yote ifuate mwili wa mtoto, kwa sababu mwili wa mtoto hauwezi kufuata ratiba yako.

Fanya hesabu hii. Andika umri wake siku ya kwanza ya kupiga filamu ya kwanza. Usiandike umri aliokuwa nao filamu ilipotoka. Watazamaji wanamkumbuka kwa sura iliyoko kwenye picha. Kisha kadiria umri wake siku ya kwanza ya kupiga ya pili, ukijumlisha miezi ya kuandika, kutafuta pesa na kuandaa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayoamua umri wa hadithi yako. Macaulay Culkin, mtoto mkuu wa filamu ya Home Alone, aliipiga akiwa na miaka 9 na sehemu yake ya pili, iliyotoka 1992, akiwa na 11. Pengo la namna hiyo hadithi inalibeba bila shida. Likifika miaka minne au mitano, usijidanganye.

Ukishajua pengo, una njia tatu.

*Mwache akue.* Hadithi isogee mbele kwa miaka ileile aliyosogea yeye. Hii ndiyo ninayoipendekeza karibu kila mara. Sauti inayovunjika, miguu mirefu inayogonga meza, aibu mpya mbele ya wageni, vyote hivyo ni vichekesho vya bure.

*Kimbia.* Kama hadithi lazima iendelee kesho yake, piga haraka, au piga sehemu mbili mfululizo. Sehemu ya pili na ya tatu za Back to the Future zilipigwa kwa mfuatano namna hiyo na kutoka 1989 na 1990. Ni njia ya wenye pesa mkononi na skripti zilizokamilika. Kwa wengine ni kamari.

*Badilisha mwigizaji.* Hufaa kwa mhusika mdogo, na mtazamaji husamehe ukifanya mapema na bila maelezo. Kwa mtoto aliyeibeba filamu, hasamehi.

Sasa saa za kazi. Nchi nyingi zina sheria za watoto kwenye seti, na unapaswa kuijua ya mahali unapopiga kabla ya kupanga siku hata moja. Ili upate picha ya ukali wake, chukua za jimbo la California, Marekani. Mtoto wa miaka 9 hadi 15, siku ya shule, anaruhusiwa kuwa eneo la kazi kwa muda wa saa 9: kazi saa 5, masomo saa 3, mapumziko saa 1. Wa miaka 6 hadi 8 anafanya kazi saa 4 tu. Na tangu mwaka 1939 kuna sheria ya kulinda mapato yake. Leo mwajiri lazima atenge asilimia 15 katika akaunti ambayo hata wazazi hawaigusi.

Hata kama sheria ya kwako ni legevu, panga kana kwamba ni kali. Mtoto aliyechoka hachekeshi. Anakariri.

Tengeneza ratiba hivi:

1. Chambua skripti, weka alama kila sini yenye mtoto.
2. Ndani ya kila sini, tenganisha shoti zinazohitaji uso wake na zisizouhitaji: mgongo, mkono unaofungua mlango, kivuli, bega lililo mbele ya kamera mtu mwingine akizungumza.
3. Shoti za uso zipigwe kwanza, asubuhi, akiwa mpya.
4. Akienda darasani, aingie mbadala wake mwenye kimo na nywele kama zake, mpige zilizobaki.
5. Wakubwa wenzake wawe tayari kuigiza wakitazama alama ya utepe wa gundi mahali pa macho yake. Waambie mapema. Mwigizaji mwenye jina hapendi kugundua siku hiyo kwamba anaongea na kipande cha utepe.

Mara nyingi nimeona ratiba inayompa mtoto kurasa tano kwa siku kwa sababu filamu ya kwanza iliwezekana hivyo. Iliwezekana kwa sababu hakujua. Safari hii anajulikana shuleni, ana maoni kuhusu mistari yake, na anajua kusema amechoka. Ana haki.

Angalizo la meno na nywele. Mtoto anaweza kung'oka jino wikiendi, katikati ya sini moja. Mpeleke kwa daktari wa meno kabla ya upigaji, achukuliwe vipimo, ili kipande cha jino la kuvalisha kiweze kutengenezwa haraka. Na kwenye mkataba andika kwamba nywele hazikatwi bila idhini mpaka filamu ikamilike kabisa, ikiwa ni pamoja na siku za kupiga upya. Mzazi atakuona msumbufu. Mwonyeshe gharama ya wigi.

Umefaulu ratiba inapoonyesha hakuna siku ambayo mtoto anahitajika zaidi ya saa zake, na bado kila siku ina kazi ya kujaza saa zake za darasani.

## Hatua ya 5: Panga vichekesho mafungu matatu

Rudi kwenye daftari la hatua ya pili. Kila kichekesho kilichofanya kazi kipeleke kwenye fungu moja: rudisha, geuza, au zika.

*Rudisha* ni fungu dogo kuliko yote. Ni vile vitu viwili au vitatu ambavyo mtazamaji anavisubiri na angeudhika visipokuwepo. Visizidi vitatu.

*Geuza* ndiyo kazi hasa. Mtazamaji wa sehemu ya pili yuko hatua moja mbele yako, kwa kuwa anaijua mbinu. Kwa hiyo anza kichekesho kama anavyokijua, mwache atabasamu akidhani ameshafika, kisha kipeleke upande mwingine. Katika Home Alone mtoto anawatisha watu kwa sauti za filamu ya majambazi ya zamani, isiyo ya rangi, iliyobuniwa mahususi kwa ajili ya sini hiyo. Sehemu ya pili haikuicheza tena ileile. Walitengeneza "mwendelezo" wa filamu hiyo ya uongo na kuupeleka hotelini, mbele ya wafanyakazi wakubwa wenye suti. Mbinu ni ileile. Mahali na wanaotishwa vimebadilika, na utani umepata safu ya pili: hata filamu iliyomo ndani ya filamu imepata sehemu ya pili.

*Zika* ni vile vilivyochekesha kwa sababu havikutarajiwa. Mshtuko haurithiwi. Vizike hata kama ni vyako uvipendavyo.

Kwa kila kichekesho cha vitendo andika mistari mitatu: kinachoandaliwa, kinachogeuka, na kinachobaki baadaye. Wengi husahau huo wa tatu. Baba akianguka kwenye dimbwi na sini inayofuata amekauka, umetupa nusu ya kicheko. Mwache alowane mpaka mwisho wa mkutano wake na mwenye nyumba.

Mwisho, jiulize anachekwa nani. Filamu ya familia inatazamwa na mtoto mnene, mtoto mwenye kigugumizi, bibi anayesahau. Katika Home Alone kuna picha ya rafiki wa kike wa kaka mkubwa ambayo watu huichekea sura. Mwongozaji Chris Columbus hakutaka msichana wa kweli achekwe namna hiyo, kwa hiyo walimvalisha mvulana kama msichana. Uamuzi mdogo, hakuna aliyeuona kwenye skrini, na kicheko hakikupungua hata kidogo.

Angalizo: ukiwa na sini mbili mfululizo za fujo, ya pili itakufa hata kama ni bora. Weka katikati yake watu wawili wakizungumza kwa sauti ya chini.

## Hatua ya 6: Bajeti

Vitu vitatu vinakula pesa katika filamu ya namna hii: watoto, wanyama na stanti (vitendo vya hatari). Si kwa sababu ya malipo yao tu. Ni kwa sababu ya muda. Kila kimoja kinapunguza idadi ya shoti kwa siku.

Weka akiba ya asilimia kumi juu ya jumla, na isiguswe kabla upigaji haujaanza. Nguo ya kila sini yenye maji, unga au matope inunuliwe nakala tatu au zaidi, zote siku moja, kabla duka halijaishiwa. Ya mtoto iwe na nakala moja kubwa kidogo, kwa sababu unazozijua.

Pa kupunguza: idadi ya maeneo. Sehemu za pili nyingi husafirisha familia mbali wakati kilichochekesha kilikuwa ni kubanana kwao jikoni.

Umefaulu bajeti ikibaki ndani ya pesa uliyonayo hata ukiongeza siku tatu za upigaji ambazo huzitaki.

## Hatua ya 7: Ijenge upya nyumba ileile, na hifadhi kila kitu

Nyumba ya familia ni mhusika. Mtoto anayetazama nyumbani atakuwa ameiona filamu ya kwanza mara ishirini, na atajua kwamba jagi lilikuwa la bluu.

Toa picha kutoka filamu ya kwanza, kila chumba pande nne. Mtu wa seti azibandike ukutani. Kisha muamue pamoja ni nini kimebadilika *kwa makusudi*: alama za urefu wa watoto kwenye fremu ya mlango zimeongezeka, kochi limechakaa, kuna picha mpya ukutani. Kila badiliko liwe linasema kitu kuhusu muda uliopita. Yasiyosema kitu ni makosa.

Lenzi na urefu wa kamera vifuate kumbukumbu za zamani angalau katika sini za nyumbani. Kamera mpya yenye picha kali kupita kiasi huifanya nyumba ionekane kama duka la samani. Fanya jaribio la siku moja, linganisha na filamu ya kwanza kwenye skrini moja, rekebisha rangi.

Sasa zile diski tatu. Nakala mbili ziwe kwenye eneo la kazi katika vifaa tofauti, ya tatu ilale nyumba nyingine. Na kila wiki fungua faili kadhaa kutoka kila diski uone kama zinacheza. Mwaka 1998, Toy Story 2 ikiwa kazini, mtu aliendesha amri ya kufuta kwenye seva na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kutoweka mbele ya macho yao. Wakakimbilia nakala rudufu, kumbe zilikuwa hazifanyi kazi sawasawa. Iliyowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa msimamizi mmoja wa kiufundi, aliyekuwa akifanyia kazi huko baada ya kujifungua. Kama hujawahi kuifungua nakala yako, ihesabu kuwa huna.

## Hatua ya 8: Kwenye seti

Ukifanya hatua zilizopita, hapa kazi ni kutokuharibu.

Washa kamera tangu mazoezi. Kicheko cha mtoto hupatikana mara ya kwanza au ya pili. Mara ya saba ameshajua ni wapi watu wanacheka na anawasubiri.

Vichekesho vya mwili vipige kwa shoti pana. Mtu akianguka, tunataka kuona miguu, ganda la ndizi na uso wa shangazi anayetazama, vyote pamoja. Ukikata kutoka uso kwenda mguu kwenda sakafu, umeeleza ajali. Baada ya shoti pana kupatikana, ndipo usogee karibu kwa ajili ya wanaotazama. Anayeitikia huchekesha kuliko anayeanguka.

Stanti zipangwe mwanzo wa siku, kamwe zisiwe za mwisho. Mwisho wa siku watu wamechoka na mwongozaji anaangalia saa. Mtoto hafanyi stanti. Katika Home Alone aliyemwakilisha Culkin kwenye miruko ya hatari alikuwa mtu mzima mfupi wa kimo, na hujagundua, sivyo? Msimamizi wa stanti akisema hapana, ni hapana, hata jua likizama.

Na mwisho wa kila siku, rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba, wa kuzibia mapengo ya sauti. Mhariri wako atakushukuru.

Umefaulu siku ikiisha kabla ya saa iliyopangwa na kikosi kikawa kimecheka angalau mara moja bila kutarajia. Kikosi kikicheka kila shoti, ogopa. Mnajichekesha.

## Hatua ya 9: Uhariri

Acha nafasi ya kicheko. Baada ya kichekesho kikubwa, usiweke mara moja neno muhimu la hadithi; ukumbi utalifunika. Weka sura ya mtu akitazama, sekunde moja na nusu au mbili. Lakini sura hiyo iwe na jambo ndani yake, kwa kuwa kuna atakayetazama peke yake nyumbani bila ukumbi wa kumsaidia, na kwake nafasi tupu ni kimya cha aibu.

Dakika kumi za kwanza ndizo ngumu. Lazima umkumbushe aliyeona na kumkaribisha asiyeona. Usitumie sauti ya kusimulia yaliyotokea zamani. Mwonyeshe mhusika akifanya kosa lake la kawaida, na mwenzake akishika kichwa kabla hata halijatokea. Asiyewajua atakuwa ameshawajua.

Kata mpaka filamu ibaki fupi kuliko unavyotaka. Mtoto wa miaka sita hawezi kukaa saa mbili kwa ajili ya mapenzi yako na sini ya harusi.

## Hatua ya 10: Waite wengine wasiokujua, kisha piga upya

Tafuta familia nyingine, ambazo hazikuwepo hatua ya pili. Nusu ziwe zimeiona filamu ya kwanza, nusu hazijaiona. Safu tatu zilezile kwenye daftari.

Linganisha makundi mawili. Sehemu inayowachekesha tu walioiona ya kwanza ni deni. Zikizidi tatu, punguza. Sehemu ambapo hakuna anayecheka lakini hakuna anayejikuna, iache. Huenda ni pale wanaposikiliza, na filamu ya familia isiyo na mahali pa kusikilizwa haitazamwi mara ya pili. Sehemu ambapo watoto wanaanza kuongea kati yao, kata bila huruma.

Kutokana na hayo utajua unachohitaji kupiga upya. Siku mbili au tatu kwa kawaida zinatosha, na zilipaswa kuwa kwenye mkataba na bajeti tangu mwanzo. Ziwe karibu: wiki sita baada ya upigaji ni salama, miezi sita ni bahati nasibu. Nilishafanya kazi mahali ambapo walichelewa, na mtoto alirudi akiwa mrefu kuliko dada yake wa kwenye filamu. Tulimpiga akiwa ameketi, sini zote nne, na mpaka leo watazamaji wanauliza kwa nini yule kijana anakaa kaa ovyo mwishoni.

Kabla ya kuwasha taa siku hiyo ya kupiga upya, msimamishe mtoto kwenye ukuta uleule uliompimia siku ya kwanza. Linganisha alama. Ukiona pengo, ongeza visigino kwenye viatu vya wengine au shusha kamera, uamue hapo hapo. Andika urefu mpya kwenye daftari, tarehe pembeni, na usilitupe hilo daftari. Filamu ikienda vizuri, kuna mtu atapiga simu akiulizia ya tatu.